Fundi wa rada apimwe nini? Jibu kutoka kwenye tafiti za 1943 hadi leo

Swali: Natengeneza rada za meli bandarini Mombasa. Mwajiri mpya anataka tupimwe macho na damu kila mwaka. Nimesoma kwamba madaktari walianza kuwachunguza mafundi wa rada tangu Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba baadaye Wamarekani waliruhusu miliwati 10 kwa sentimita ya mraba huku Warusi wakiruhusu sehemu moja tu ya elfu ya kiasi hicho. Haiwezekani wote wawe sahihi. Nani alikosea? Na mimi nijilinde na nini hasa?

Jibu: Fundi, kila upande ulikuwa na swali lake. Wamarekani waliuliza ni nguvu kiasi gani ya mawimbi inayoupasha mwili joto mpaka ukaumia. Warusi waliuliza ni nguvu kiasi gani inayoanza kumbadilisha mtu, hata kama bado hajaumia. Ukiuliza maswali mawili utapata majibu mawili. Lakini ipo kasoro iliyozikumba karibu tafiti zote za mwanzo, za Mashariki na za Magharibi, nayo ndiyo ya kushika kabla hujaamini au kukataa lolote: madaktari walimpima mfanyakazi kwa makini, ila hawakujua amepokea mawimbi kiasi gani.

Tuanze pale palipoanzia. Mwaka 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, John Randall na Harry Boot walitengeneza magnetroni yenye vyumba vya mwangwi, yaani taa ya elektroniki inayozalisha mawimbi ya rada, ikatoa mawimbi ya urefu wa sentimita 10 hivi kwa nguvu ambayo haikuwahi kupatikana kabla. Muda mfupi baadaye maelfu ya vijana walikuwa wakifanya kazi mbele ya antena, na minong'ono ikaanza: rada inaharibu damu, inang'oa nywele, inaua uzazi. Hofu hiyo haikutoka hewani. Watu walikuwa bado wanawakumbuka wasichana waliopaka saa rangi ya radiamu, madini yenye mionzi, katika miaka ya 1920 na madaktari wa eksirei waliopoteza vidole. Kwa hiyo walipoambiwa kuna miali mipya isiyoonekana, walitazamia madhara yale yale.

Ndiyo maana uchunguzi wa kwanza ulikimbilia kwenye damu. Mwaka 1943 daktari L. E. Daily wa Jeshi la Majini la Marekani alitoa taarifa ya wafanyakazi 45 wa maabara ya jeshi hilo waliokuwa wakishughulika na rada na redio za masafa ya juu. Wachache walitaja maumivu ya kichwa na kuhisi joto. Hakuona dalili ya kudhurika. Mwaka 1945 Lidman na Cohn walichunguza damu ya watu 124 waliokaa kwenye kazi ya rada kwa miezi 2 hadi 36, nao hawakuona badiliko la kutilia shaka. Jeshi lilitaka kuwatuliza vijana, na taarifa hizo zilifanya kazi hiyo vizuri. Kisayansi, hata hivyo, zilikuwa na uzito mdogo. Ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya elfu kadhaa huwezi kuukuta ukichunguza watu 124, na ugonjwa unaokuja baada ya miaka kumi huwezi kuuona ukiangalia miezi 36.

Jambo la pili: walitafuta mahali pasipo pake. Fotoni (chembe moja ya miali) ya eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu, na hapo ndipo damu na uboho huharibika. Fotoni ya mikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya redio kama ya rada, ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Inachofanya ni kuzitikisa molekuli za maji, na mtikisiko huo ndio joto. Ukitafuta madhara ya mawimbi haya, anza na kiungo kisichojua kujipoza.

Kiungo hicho kilipatikana mwaka 1948. Huko Marekani, watafiti wa Mayo Clinic waliwapiga mbwa mawimbi machoni na kuona lenzi zikiingia ukungu; katika Chuo Kikuu cha Iowa wenzao waliona mtoto wa jicho kwa sungura na kuharibika kwa korodani za panya. Sababu ni ya kimwili kabisa. Misuli ikipata joto, damu hupita kwa wingi na kulichukua. Lenzi ya jicho haina mshipa hata mmoja wa damu. Chembe zake zikiungua hazina njia ya kuondolewa, hubaki humo humo zikiwa kama ute wa yai uliochemka. Korodani nazo huishi kwenye joto la chini kuliko mwili mzima, kwa hiyo nyuzi chache tu zinazitosha kudhurika. Mwaka 1952 Hirsch na Parker wakaandika juu ya fundi mwenye umri wa miaka 32, mwendeshaji wa jenereta ya mikrowevu, aliyeingia ukungu katika lenzi za macho yote mawili. Kwa umri ule hilo si jambo la kawaida, na taarifa hiyo iliamsha watu zaidi ya tafiti zote za sungura.

Hapo pana somo la masafa linalokuhusu wewe moja kwa moja. Rada ya meli ya bendi ya X hufanya kazi karibu na gigahezi 9.4, yaani urefu wa wimbi wa sentimita 3 hivi; nguvu yake huishia milimita chache chini ya ngozi, palipo na neva za kuhisi joto, na utaungua ukijua. Rada ya bendi ya S, gigahezi 3 na sentimita 10, huingia sentimita moja na nusu au zaidi ndani ya nyama, huku ngozi ikihisi kidogo tu. Mafundi wa zamani walitumia joto la ngozi kama kipimo chao cha hatari. Kwa bendi ya S kipimo hicho kinachelewa, kwa sababu kilindini kunaweza kuwa kumeshapata moto kabla juu hakujalalamika.

Miaka ya 1950 ilileta mgongano ambao unafaa kusimuliwa, kwa kuwa unaonyesha namna uchunguzi mzuri unavyoweza kupotoka kwa jambo dogo. Mwaka 1953 John McLaughlin, daktari aliyehudumia wafanyakazi wa kampuni ya Hughes Aircraft huko California, alikusanya taarifa za magonjwa aliyoyashuku kutoka kwenye rada: kuvuja damu chini ya ngozi, saratani ya damu, mtoto wa jicho, maumivu ya kichwa. Alikuwa na wagonjwa, lakini hakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 1957 alichapisha kisa cha mtu aliyesimama karibu sana na antena, akahisi joto tumboni, akaugua na kufa. Wengine waliokipitia kisa hicho waliona ugonjwa wa kidole tumbo, ambao humpata mtu hata pasipo rada. Mjadala ule haukumalizika kwa makubaliano, na kisa kimoja hakiwezi kuumaliza.

Charles Barron wa kampuni ya Lockheed alifanya kinyume. Mwaka 1955 alitoa matokeo ya wafanyakazi 226 wa rada na 88 wasiohusika na rada, akiwapanga kwa umbali waliokaa mbele ya antena. Hatua hiyo ilikuwa kubwa: kundi la kulinganisha lipo, na pana jaribio la kukadiria kiasi cha mawimbi. Hesabu ya damu ilionyesha chembe nyeupe za aina moja zimepungua na nyingine zimeongezeka kwa watu wa rada. Ingeweza kuishia hapo na kuandikwa kwamba rada inabadilisha damu. Walipofuatilia, ilionekana tofauti ilitokana na namna slaidi, vile vioo vya darubini vilivyopakwa damu, zilivyosomwa maabarani. Mwaka 1958 Barron na Baraff walirudi na watu 335 wa rada na 100 wa kulinganisha. Badiliko la damu halikuwepo tena. Macho pia yalipochunguzwa kimoja kimoja, kasoro zilizoonekana zilikuwa na maelezo mengine. Mwajiri wako anapotaka damu yako ipimwe kila mwaka, kumbuka zile slaidi. Kipimo kinachotegemea jicho la msomaji mmoja hakifai kulinganishwa mwaka hadi mwaka kama msomaji anabadilika.

Sasa, zile miliwati 10. Wengi hudhani zilitoka kwenye tafiti za wafanyakazi. Hazikutoka huko. Zilitoka kwenye hesabu ya Herman Schwan, mwanafizikia wa tiba wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyeipendekeza kwa Jeshi la Majini mwaka 1953. Unaweza kuifuata mwenyewe. Mtu aliyetulia huzalisha joto la wati 100 hivi, na mwili huliondoa bila shida. Upande mmoja wa mwili una eneo la mita moja ya mraba hivi, sawa na sentimita za mraba 10,000. Mawimbi ya miliwati 100 kwa kila sentimita yataumiminia mwili wati 1,000, mara kumi ya kawaida yake. Huo ni mzigo wa hatari. Gawanya kwa kumi upate usalama: miliwati 10 kwa sentimita, wati 100 kwa mwili mzima, sawa na kazi nyepesi ya mikono. Hesabu ni safi. Inachosema ni joto tu, na ilikubali wazi kwamba haisemi kingine.

Hata Marekani kwenyewe si wote walioridhika nayo. Bell Telephone Laboratories waliwawekea watu wao miliwati 0.1 mwaka 1953, mara 100 chini. General Electric wakachagua miliwati 1 mwaka uliofuata. Majeshi yakabaki na 10, na kamati ya viwango ikaiandika rasmi mwaka 1966, wastani wa dakika 6. Mwajiri mwenye simu za mawimbi madogo angeweza kuishi na kiwango cha chini bila gharama. Jeshi lenye rada kubwa za kutazama makombora lisingeweza. Nadhani jambo hili lina mchango katika historia ya viwango kuliko inavyokubaliwa, ijapokuwa haliifanyi hesabu ya Schwan kuwa ya uongo.

Kati ya 1957 na 1960 majeshi ya Marekani yaligharimia mpango mkubwa wa majaribio uliosimamiwa na Kanali George Knauf wa Jeshi la Anga, makao yake yakiwa kituo cha Rome, New York. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Sol Michaelson aliwapiga mbwa mawimbi ya megahezi 2,800 kwa miliwati 165: joto la mwili lilipanda, likatulia mbwa akihema kwa nguvu, kisha likapanda tena ghafla uwezo wa kujipoza ulipokwisha. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Russell Carpenter alitafuta kizingiti cha jicho la sungura kwa megahezi 2,450. Kwa miliwati zaidi ya 100 kwa saa moja au zaidi lenzi huanza kuharibika. Ukiongeza nguvu mara mbili au tatu, dakika chache zinatosha. Ukungu huonekana siku au wiki baadaye. Vizingiti hivi vilirudiwa na maabara nyingine na vimesimama. Ukiniuliza jambo moja lililo imara katika fasihi yote hii, ni hili.

Kwa binadamu picha ilikuwa na ukungu zaidi, kwa maana zote. Milton Zaret na wenzake waliangalia macho ya wafanyakazi 736 wa mikrowevu na 559 wasiohusika. Kwa mwangaza mwembamba wa darubini ya macho, lenzi za watu wa rada zilionyesha vidoa na kasoro ndogo ndogo kidogo zaidi kwa umri ule ule, kama vile zimezeeka mapema, ila hakuna aliyepungukiwa uwezo wa kuona kwa ajili hiyo. Cleary na Pasternack waliipitia takwimu hiyo upya mwaka 1966 na kufika karibu na hapo. Mwaka mmoja kabla, Cleary na wenzake waliuliza kinyume: walichukua askari wastaafu karibu 3,000 waliotibiwa mtoto wa jicho na zaidi ya 2,000 wasio nao, wakatazama ni wangapi waliwahi kufanya kazi ya rada. Hawakuona rada ikiongeza mtoto wa jicho. Shida ya utafiti wa pili ni kwamba mtu aliyeandikwa "rada" kwenye karatasi za jeshi anaweza kuwa alikaa gizani akitazama kioo, mbali kabisa na antena. Zaret mwenyewe baadaye aliachana na wenzake, akishikilia kwamba upo mtoto wa jicho wa mikrowevu unaoanzia kwenye kifuko cha lenzi. Madaktari wengi wa macho hawakukubali.

Upande wa Mashariki, kazi iliongozwa na Taasisi ya Afya Kazini na Magonjwa ya Kazi ya Moscow, majina makubwa yakiwa Zinaida Gordon na Maria Sadchikova. Hawa hawakuanzia kwenye lenzi. Walianzia kwenye malalamiko: kichwa kinauma jioni, usingizi haupatikani, hasira za haraka, uchovu, jasho, mikono inatetemeka, mapigo ya moyo yamepungua, shinikizo la damu limeshuka. Wakayapanga katika hatua tatu, kuanzia uchovu wa neva, kisha kuvurugika kwa mishipa ya damu, hadi hali nzito waliyoihusisha na sehemu ya ubongo inayotawala homoni. Waliyaita maradhi ya mawimbi ya redio. Kiwango cha 1958 kiliruhusu maikrowati 10 kwa sentimita ya mraba kwa siku nzima ya kazi, 100 kwa saa mbili, na 1,000 kwa dakika 15 hadi 20 ukiwa umevaa miwani ya kinga.

Madaktari wa Marekani waliipuuza kazi hiyo, na sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Taarifa nyingi za Kisovieti hazikueleza namna mawimbi yalivyopimwa, kundi la kulinganisha lilitajwa juu juu au halikutajwa, na dalili zenyewe ni zile zinazompata mtu yeyote anayefanya kazi kwenye karakana yenye joto, kelele na mwanga hafifu. Lakini Wamarekani nao walikuwa na upofu wao. Hawakuuliza kuhusu usingizi wala kichwa. Waliangalia lenzi na damu, wakakuta kidogo, wakaandika kwamba hakuna kitu. Usichokitafuta hutakiona.

Mfano mzuri wa kupuuzwa kwa neno la fundi ni sauti. Mafundi wa rada walikuwa wakisema wanasikia mlio kama wa kubofya au kuvuma kichwani wakiwa mbele ya mwali, na wakuu wao wakawaona wametawaliwa na fikra. Mwaka 1961 na 1962 Allan Frey wa Ithaca, New York, alionyesha kwamba wanasikia kweli. Mwaka 1974 Foster na Finch wakaeleza: pigo moja la rada, yaani mrusho mmoja mfupi wa mawimbi, hupasha tishu joto kwa sehemu ya milioni ya nyuzi, tishu hutanuka kidogo mno lakini kwa ghafla, na mtanuko huo ni wimbi la sauti linalofika sikio la ndani kupitia fuvu. Joto lenyewe halina madhara, na mlio ni halisi.

Oktoba 1973 pande mbili zilikutana Warsaw katika mkutano ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani. Kwangu mimi, kazi muhimu ya kipindi kile ni ya Wapolandi wenyewe, Siekierzyński na Czerski na wenzao, kwa sababu walikuwa na mazoea ya Mashariki ya kusikiliza malalamiko na pia walipanga watu kwa kiasi walichopokea. Wanaume 841 wa umri wa miaka 20 hadi 45 waligawanywa: 507 waliofanya kazi kati ya miliwati 0.2 na 6, na 334 chini ya 0.2. Malalamiko ya neva yalikuwepo kwenye makundi yote mawili. Hayakuongezeka kwa waliopokea zaidi. Kama mawimbi yangekuwa chanzo, ungetegemea waliopokea mara kumi walalamike zaidi. Huo si uthibitisho wa mwisho, ila unayafanya maradhi ya mawimbi ya redio kuonekana zaidi kama maradhi ya kazi yenyewe: zamu, kelele, wasiwasi, macho yanayokodolea kioo.

Kuna jambo tafiti za mwanzo zililiruka kwa miaka mingi, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote. Ndani ya kabati la rada za zamani za kijeshi mlikuwa na taa za elektroniki za volti makumi elfu, ziitwazo klistroni na thairatroni. Elektroni ikikimbizwa na volti nyingi kisha ikasimamishwa na chuma, hutoa eksirei. Fundi aliyefungua kabati na kurekebisha huku mtambo ukiwaka alipigwa eksirei usoni, wakati daktari akipima mikrowevu. Eksirei huleta saratani ya damu. Huleta pia mtoto wa jicho, na ukungu wake huanzia nyuma ya lenzi karibu sawa na ule wa joto la mikrowevu, kiasi kwamba kwa kuangalia tu huwezi kuutofautisha. Huko Ujerumani mafundi wengi wa rada wa majeshi ya pande zote mbili waliugua saratani, na tume ya wataalamu iliyotoa ripoti Julai 2003 ililenga eksirei hizo pamoja na rangi zenye radiamu zilizopakwa kwenye vifaa. Ukisoma kisa cha fundi wa miaka ya 1950 aliyeugua damu, uliza kwanza kabati lilikuwa wazi au limefungwa.

Utafiti uliojaribu kwa dhati kutoka kwenye matope haya ni wa Robinette, Silverman na Jablon, 1980. Walichukua mabaharia wa Marekani karibu 40,000 wa wakati wa vita vya Korea, nusu yao waendeshaji waliopokea kidogo na nusu mafundi wa matengenezo. Kwa mafundi walitunga namba ya hatari: jumla ya nguvu za rada zilizokuwa melini, ikizidishwa kwa miezi aliyokaa humo. Ni kipimo kigumu, lakini ni kipimo. Hawakuona ongezeko la vifo la wazi. Watu hao walifuatiliwa tena na matokeo yakatoka 2002, baada ya miaka 40: vifo kwa jumla vilikuwa vichache kuliko vya raia wa kawaida, kama ilivyo kwa watu waliochaguliwa wakiwa na afya, saratani ya ubongo haikuzidi, ila kundi moja, mafundi wa elektroniki za ndege, lilikuwa na vifo zaidi vya aina fulani ya saratani ya damu. Makundi mengine mawili ya mafundi waliodhaniwa kupokea mengi hayakuonyesha hivyo. Mimi nalisoma hilo kama alama ya kuuliza inayostahili kubaki wazi, na swali la kwanza ningeliuliza kuhusu eksirei na kemikali za karakana.

Sasa tuje bandarini. Chukua rada ya meli ya magnetroni ya kilowati 25. Hizo kilowati ni za pigo. Pigo likiwa la maikrosekunde 1, mara 750 kwa sekunde, wastani ni 25,000 × 0.000001 × 750, yaani wati 19 hivi. Mwili wako unajali wastani huo. Antena ya mita 1.8 yenye uso wa mita za mraba 0.2, ukiikaribia hadi kuigusa ikiwa imesimama na inarusha, inaweza kukupa hadi mara nne ya wati 19 gawanya kwa 0.2: karibu wati 380 kwa mita ya mraba, sawa na miliwati 38 kwa sentimita. Kiwango cha sasa cha kimataifa kwa wafanyakazi kwenye masafa hayo ni wati 50 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo antena iliyosimama na kurusha, uso wako ukiwa mbele yake, imevuka kiwango. Rudi nyuma mita 3: mwali umepanuka wima zaidi ya mita moja, na makadirio yanashuka hadi wati 9 kwa mita ya mraba. Iache izunguke, na mwali unakupitia sehemu moja ya kumi ya muda, basi umebaki na wati 0.9, yaani maikrowati 90 kwa sentimita. Tazama ajabu ya ule mgogoro ulioniuliza: maikrowati 90 ni chini ya sehemu ya mia ya kiwango cha Marekani cha 1966, na ni mara tisa ya kile walichoruhusu Warusi kwa siku nzima mwaka 1958.

Haya ni makadirio. Mwongozo wa rada yako kwa kawaida hutaja umbali ambapo nguvu hushuka hadi wati 100 na wati 10 kwa mita ya mraba. Tumia namba zao.

Hatari yako kubwa basi ni kupanda mlingotini wakati mtu chini anaweza kuwasha. Zima kwenye swichi ya usalama iliyo karibu na antena, kata umeme wa rada, funga kwa kufuli, funguo ukae nao mfukoni, weka kibao, na mwambie afisa wa zamu. Usitazame ndani ya kiongoza-mawimbi (bomba linalopeleka mawimbi kwenye antena) kilichofunguliwa wakati rada inarusha, hata kwa sekunde. Ukijaribu rada karakanani, funga mzigo bandia, kifaa kinachomeza mawimbi, badala ya kuiachia irushe hewani. Magnetroni ya ukubwa huu hupata pigo la volti 8,000 hadi 10,000 hivi; eksirei zake ni dhaifu na huishia kwenye chuma na kioo cha taa. Umeme wenyewe sivyo: kapasita za modulata (sehemu inayotengeneza mapigo) hubaki na chaji baada ya kuzima, zitoe kwa fimbo ya ardhi kila mara.

Kuhusu vipimo: cha macho kubali, tena kidai kifanyike kabla hujaanza kazi mpya, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, na daktari achore au apige picha lenzi zako. Bila picha ya mwanzo, kidoa kitakachoonekana ukiwa na miaka 45 hakitajulikana ni cha rada, cha sukari, cha jua au cha umri. Baada ya hapo, kurudia kila mwaka hakuna faida kubwa kama hujapata ajali. Mwaka wa tatu au wa nne unatosha. Damu ya kila mwaka haina msingi kwa mikrowevu. Pima damu kwa sababu nyingine za kiafya ukitaka, ila matokeo yake yasitumike kukuondoa kazini wala kukupa imani kwamba rada haijakugusa.

Ukipigwa na mwali kwa bahati mbaya, andika siku hiyo hiyo: aina ya rada, bendi, nguvu ya pigo, urefu wa pigo uliochaguliwa, antena ilikuwa inazunguka au imesimama, umbali wako, sehemu ya mwili iliyoelekea, dakika ngapi, ulihisi joto au la. Macho yaangaliwe ndani ya siku chache, kisha baada ya mwezi mmoja, kisha miezi sita, kwa sababu ukungu wa lenzi huchelewa kujitokeza. Nakala moja ya maandishi hayo ibaki kwako nyumbani. Daktari atakayekuona miaka kumi ijayo atahitaji kujua ulipokea kiasi gani.